Wastani Huficha: Fundisho Kutoka Injini ya Ndege Iliyojengwa Nyumbani

Sheria za usafiri wa anga za Marekani zina kifungu ambacho kingewavutia walimu wetu wa sayansi. Raia wa kawaida anaruhusiwa kujenga ndege yake mwenyewe na kuirusha, mradi sehemu kubwa ya kazi iwe imefanywa na watu walioifanya kwa ajili ya elimu yao au burudani yao tu. Elimu ndiyo iliyotajwa kwanza. Maelfu ya ndege za namna hiyo zimejengwa katika magereji na vibanda vya nyuma ya nyumba tangu chama cha wajenzi hao, EAA, kilipoanzishwa mjini Milwaukee mwaka 1953. Tangu 1970 mkutano wao mkuu umekuwa ukifanyika Oshkosh, katika jimbo la Wisconsin.

Makala haya hayatazungumzia mabawa wala ufundi wa kurusha ndege. Yatazungumzia hitilafu moja ya injini ambayo wengi wa wajenzi hao hukabiliana nayo: silinda za injini moja kutopata mchanganyiko ulio sawa wa petroli na hewa. Hoja yangu ni kwamba hitilafu hiyo yafaa iingie darasani, kwa kuwa inafundisha jambo ambalo michoro ya vitabu hailifundishi, yaani namna ya kutafuta kosa kwa kupima.

Mwanafunzi wa sekondari huchora mipigo minne ya injini: kuvuta, kugandamiza, kuwaka na kutoa. Mchoro ni mzuri na ni wa kweli, ila una silinda moja tu, na injini yenye silinda moja haiwezi kupata ugonjwa huu. Pikipiki ya bodaboda ikipewa petroli nyingi mno au chache mno, kosa ni la injini nzima na hujionyesha waziwazi. Silinda zinapokuwa nne, laweza kuzuka jambo ambalo mchoro haukulitarajia: injini nzima ikapata kipimo sahihi cha petroli, na hata hivyo pasiwe na silinda hata moja iliyopata kipimo chake.

Ili kulielewa hilo, yafaa tuanze na hesabu. Kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue yote pasibaki hewa wala petroli. Huo ndio uwiano kamili wa kikemia. Mchanganyiko wenye petroli zaidi ya hapo tutauita mzito, na wenye petroli pungufu tutauita mwepesi. Injini hutoa nguvu nyingi zaidi mchanganyiko ukiwa mzito kidogo, kadiri ya kilo 12.5 hadi 13 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Nayo hutumia petroli kwa uangalifu zaidi ukiwa mwepesi kidogo, kadiri ya kilo 16. Upande wa mzito nguvu hupungua polepole, lakini upande wa mwepesi huporomoka. Joto la moshi utokao katika silinda nalo lina tabia yake: hupanda mpaka kilele karibu na uwiano kamili, kisha hushuka pande zote mbili, kwa kuwa petroli ya ziada hupooza moshi na hewa ya ziada huupooza vilevile. Msomaji aushike vema ukweli huu wa kilele, maana uchunguzi wote wautegemea.

Sasa tuitazame injini yenyewe. Tuchukue Lycoming O-320, ambayo imetumiwa sana katika ndege zilizojengwa nyumbani. Ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, ujazo wa lita 5.2 hivi, na nguvu za farasi 150 au 160. Kabureta yake imefungwa chini ya sinia ya oili. Mchanganyiko hupanda kutoka kabureta, hupita ndani ya sinia ambamo oili ya moto huupasha, kisha hugawanyika katika mabomba manne, kila bomba likielekea silinda yake.

Lau petroli ingekuwa imegeuka mvuke yote, mgawanyo huo usingeleta taabu. Lakini petroli itokayo kwenye kabureta ni mvuke kwa sehemu, na kwa sehemu ni matone. Matone ni mazito kuliko hewa, na kitu kizito kikipewa mwendo hakipendi kukata kona; hiyo ni sheria ya kwanza ya Newton, ambayo mwanafunzi huikariri pasipo kuiona ikifanya kazi ndani ya bomba la chuma. Hewa hupinda, matone hugonga ukuta, huulowesha, na hutiririka hadi kwenye silinda ambayo njia yake imeyaelekea. Kilango cha kabureta nacho, yaani kile kibati cha duara kinachozunguka ili kuongeza au kupunguza hewa, huusukuma mkondo upande mmoja kinapokuwa nusu wazi. Kikifunguliwa kabisa, msukosuko unaosaidia kuvunjavunja matone hupungua. Ndiyo maana baadhi ya marubani, wakishapata urefu wa kutosha angani, hukirudisha kilango kidogo sana na kuona injini ikitulia.

Mjenzi wa nyumbani ana mzigo wa ziada. Injini yaweza kuwa ilipimwa na kuidhinishwa na kiwanda, lakini kasha la kuingizia hewa chini ya kabureta amelikunja yeye mwenyewe kwa bati au kulifinyanga kwa nyuzi za kioo, ili litoshe katika pua ya ndege yake. Kona kali moja katika kasha hilo hutosha kuitia hewa mzunguko kabla haijafika kwenye kabureta, na mgawanyo ukawa mwingine na ule uliopimwa kiwandani. Mtu wa namna hii hawezi kufungua kitabu cha kiwanda akapata jibu. Ndege yake ni moja tu duniani.

Taabu ya kulisha silinda nne kwa usawa ni ya zamani sawa na ndege yenyewe. Injini ya ndugu Wright, iliyojengwa mjini Dayton na fundi wao Charles Taylor na kuruka tarehe 17 Desemba 1903, haikuwa na kabureta kwa maana tuijuayo leo. Petroli ilishuka kwa uzito wake kutoka kwenye tangi, ikaingia katika chumba kifupi kilichopashwa joto na injini, ikageuka mvuke humo na kuvutwa na silinda zote nne. Injini ilianza na nguvu za farasi kama 16, kisha ikashuka hadi 12 hivi mara hewa iingiayo ilipopata moto. Walizikubali 12 kwa sababu hesabu zao zilikuwa zimewaonyesha kwamba zingetosha.

Je, kosa la mgawanyo lina hatari gani? Silinda iliyo nzito sana huchafua plagi zake kwa masizi na kupoteza petroli. Iliyo nyepesi ni hatari zaidi. Wakati wa kupaa, injini ikitoa nguvu zake zote, silinda inayopata petroli chache hupata joto kupita kiasi, na mchanganyiko uliosalia mbele ya moto huweza kulipuka wote kwa mpigo mmoja badala ya kuungua hatua kwa hatua. Mafundi wa magari husema injini inagonga. Katika gari, dereva huegesha kando ya barabara. Katika ndege iliyo mita 100 juu ya mwisho wa uwanja, pistoni ikitoboka rubani huwa na sekunde chache za kuchagua mahali pa kuangukia. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, katika uchunguzi wake wa mwaka 2012 juu ya ndege zilizojengwa na watu binafsi, iliona kwamba kushindwa kwa injini na rubani kupoteza udhibiti wa ndege ndiyo matukio yanayoongoza katika ajali zao, na kwamba ajali nyingi hutokea mapema katika maisha ya ndege. Ilipendekeza pia kwamba mfumo wa mafuta ujaribiwe na majaribio yaandikwe kabla ya ndege kuruka.

Rubani hulijuaje kosa hili? Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Ndege ndogo za zamani zilimpa rubani kipimo cha mizunguko ya injini, na pengine kipimajoto kimoja cha moshi kilichowekwa kwenye silinda moja au mahali mabomba yanapoungana. Vipimo hivyo si vya uongo. Lakini mizunguko ni jumla ya kazi ya silinda zote nne, na joto la bomba la pamoja ni wastani wake. Mwalimu anaijua vema tabia ya wastani. Darasa lenye wastani wa alama 50 laweza kuwa na wanafunzi arobaini waliopata hamsini hamsini, na laweza kuwa na ishirini waliopata themanini na ishirini waliopata ishirini. Anayesoma wastani peke yake hawezi kuyatofautisha madarasa hayo mawili, wala hawezi kumsaidia hata mwanafunzi mmoja.

Kwa sababu hiyo wajenzi wengi siku hizi huweka kipimajoto katika bomba la moshi la kila silinda. Chombo chenyewe ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani. Ncha ikipata moto, volti ndogo hutokea. Lakini kupata namba nne badala ya moja hakumfanyi mtu kuwa mchunguzi, na hapa wengi huteleza. Mjenzi huona silinda ya tatu ikisoma nyuzi 780 za Selsiasi na nyingine zikisoma 730, naye hukata shauri papo hapo kwamba ya tatu ni nyepesi. Hasha. Ncha iliyo karibu zaidi na vali husoma joto la juu zaidi, hata kama mchanganyiko ni uleule. Tena tumekwisha kuona kwamba joto hushuka pande zote mbili za kilele: namba moja peke yake haisemi silinda iko upande gani.

Swali sahihi ni hili: kila silinda hufika kilele chake wakati gani? Rubani huruka kwa nguvu ya wastani, mahali salama, akiwa na mwenzake wa kuandika. Huvuta mkono wa mchanganyiko polepole sana, petroli ikipungua kidogo kidogo, na kwa kila silinda huandikwa kiasi cha petroli kilichokuwa kikitumika kwa saa pale joto lake lilipofika juu kabisa na kuanza kushuka. Silinda ya kwanza kufika kilele ndiyo nyepesi kuliko zote. Ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote. Tofauti baina yao ndiyo kipimo cha ugonjwa. Katika injini zenye nozeli kwa kila silinda, tofauti isiyozidi lita 2 hivi kwa saa huhesabiwa kuwa nzuri. Katika injini za kabureta aghalabu huwa kubwa zaidi. Uzuri wa jaribio hili ni kwamba halijali kama kipimajoto kimoja husoma juu na kingine chini. Linatazama umbo la mchoro wa joto, haliulizi urefu wake.

Tofauti ikiwa kubwa, kishawishi cha kwanza ni kufungua pochi. Mjenzi hununua kabureta nyingine, kisha plagi, kisha nyaya, na injini ikitulia hajui ni kipi kilichoiponya. Huo si ufundi, ni bahati nasibu yenye gharama. Mchunguzi huanza na kukishuku chombo chake mwenyewe: hubadilishana vipimajoto vya silinda mbili. Ugonjwa ukihamia silinda ya pili, mgonjwa alikuwa kipimajoto. Kisha hutenga moto na mchanganyiko. Kila silinda ya injini hii ina plagi mbili, zinazopata cheche kutoka magneto mbili tofauti. Plagi moja ikifa, mchanganyiko huungua kwa muda mrefu zaidi na moshi hutoka ukiwa wa moto zaidi, hata silinda ikadhaniwa kuwa nyepesi ilhali petroli yake haina kosa. Akizima magneto moja kwa muda mfupi, silinda zote zapaswa kupanda joto. Ile inayoshuka ghafla ndiyo yenye plagi isiyotoa cheche.

Hapo tu ndipo anapoigeukia njia ya petroli, na hapo fizikia humsaidia zaidi ya bisibisi. Tuseme gasketi ya bomba la kuingizia imepasuka, na hewa inapenya baada ya kabureta. Kosa hilo litaonekana lini? Kilango kikiwa karibu kufungwa, shinikizo ndani ya bomba huwa chini sana kuliko la hewa ya nje, kwa hiyo hewa hunyonywa kwa nguvu kupitia ufa, na silinda hiyo huwa nyepesi. Kilango kikifunguliwa kabisa, mashinikizo hayo mawili hukaribiana na ufa huacha kuwa na maana. Sasa tuchukue injini nyingine, yenye nozeli, ambayo nozeli yake moja imezibwa nusu na uchafu. Yenyewe huathirika hasa injini inapodai petroli nyingi. Basi injini inayotetemeka kwa mwendo wa chini na kutulia kwa nguvu kubwa inasimulia habari moja, na inayofanya kinyume chake inasimulia nyingine. Mjenzi aliyeketi na kufikiri kwa dakika kumi amekwisha kuondoa nusu ya mashaka yake kabla hajashika spana. Naye akichungulia maungio ya mabomba aweza kuona madoa ya buluu, kwa kuwa petroli ya ndege iitwayo 100LL hutiwa rangi hiyo. Madoa hayo ni ushahidi wa ufa.

Kuna kosa lingine linalofanana na ufa na ambalo kiini chake ni kinyume. Baadhi ya injini zina pampu ndogo ya mkono ya kunyunyizia petroli kwenye silinda kabla ya kuwasha. Mpini wake usipofungwa sawasawa, petroli huendelea kunyonywa wakati wa mwendo wa chini, na silinda zinazopata petroli hiyo huwa nzito. Mtetemo ni uleule, dawa ni nyingine kabisa. Sikio haliwezi kutofautisha. Mkono wa mchanganyiko waweza. Ukipunguza petroli taratibu na injini ikachangamka, kulikuwa na petroli ya ziada.

Yafaa pia kutenga kosa la silinda moja na kosa la injini nzima. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko kama mita 1,690 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa kadiri ya asilimia 15 kuliko ya pwani. Kabureta ya kawaida hupima petroli kwa kufuata mshuko wa shinikizo, si kwa kuipima hewa uzito. Ndiyo maana petroli yake haipungui kwa kadiri ileile, ila kwa kipeuo cha pili tu cha upungufu huo. Mwanafunzi wa kidato cha tano akifanya hesabu ataona mchanganyiko ukizidi kuwa mzito kwa asilimia 8 au 9. Rubani hurekebisha hilo kwa mkono wa mchanganyiko, kwa sababu silinda zote zimekosea kwa pamoja. Lakini mkono huo ni mmoja, na silinda ni nne. Zikitofautiana zenyewe kwa zenyewe, kila anachomsaidia mmoja humdhuru mwingine.

Wako watakaosema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa vyombo vya elektroniki huweza kupima mchanganyiko na kuurekebisha vyenyewe. Sikubaliani nao moja kwa moja. Kihisio cha oksijeni kilichowekwa mahali mabomba ya moshi yanapoungana hupima moshi wa silinda zote ukiwa umechanganyika. Ni wastani uleule uliovaa nguo mpya. Isitoshe, petroli ya 100LL ina risasi, ambayo huharibu vihisio hivyo kabla ya wakati wake. Elektroniki ni msaada mkubwa pale inapopima na kulisha kila silinda peke yake. Isipofanya hivyo, humpa mwenye ndege utulivu wa moyo asiostahili.

Kwa walimu napendekeza zoezi ambalo halihitaji ndege wala injini, ila karatasi ya kuchorea grafu. Tuseme injini ya silinda nne imefanyiwa jaribio la kilele. Silinda ya kwanza ilifika kilele petroli ilipokuwa lita 34 kwa saa, ya pili 33.5, ya tatu 33, na ya nne 29. Vipimajoto vyao vilisoma, kwa mpangilio huo, nyuzi 760, 755, 765 na 790. Mwanafunzi aeleze ni silinda ipi iliyo na tatizo, na ni la aina gani. Wengi watajibu kwamba ya nne ni nyepesi kwa kuwa ina joto la juu kuliko zote. Kwa kweli ya nne ndiyo nzito kuliko zote, maana ilihitaji kupunguziwa petroli zaidi ya wenzake ndipo ifike kilele. Kisha aulizwe: ikiwa tofauti hii hutoweka injini ikiwa katika nguvu kubwa na hurudi katika mwendo wa chini, aanzie kukagua wapi? Na mwalimu asimpe alama anayejibu "kabureta ibadilishwe" mpaka ataje kipimo kilichomfikisha hapo.